Sufuria ya Mizizi Nimeondoka Nayo

Shangazi, shikamoo.

Chai ya Baba iko kwenye chupa. Vidonge vyake ameze saa mbili, asiruke.

Sufuria yako ya mizizi ~~nimeimwaga~~ nampelekea daktari wake, na mfuniko juu. Asubuhi uliposema, "Mtoto wa juzi utanifundisha dawa ya kuongeza kinga?" niliona heshima ni kukujibu kwa barua. Kinga ya Baba tunaishusha makusudi. Ndiyo kazi ya vile vidonge. Mizizi ikiipandisha, mwili unaweza kuishambulia figo mpya kama adui. Na figo hiyo ni yako, Shangazi, ulimpa kaka yako bila kusita.

Ninunie ukitaka, ila usichemshe nyingine. Figo umeshaitoa mara moja. Sikubali uipoteze mara ya pili.

Mwanao