Chupa Tatu za Siku ya Dhoruba

Nyumba ya mwisho, Barabara ya Ziwani,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mpwa wangu Jicho,

Hujambo, mwanangu? Mumeo na watoto wazima? Na goti la mama yako, dada yangu, limepoa? Mimi sijambo ya kizee: moyo umechoka, miguu imevimba, na siku hizi daktari ananisemesha kwa upole mno. Nimemwelewa.

Nyumba imenyamaza tangu tulipomzika mke wangu. Birika likipiga mluzi, naitika.

Wiki iliyopita dhoruba iliezua mabati ya kituo chetu cha utafiti. Ziwa lililokuwa kijani kwa mwani liliamka na rangi ya chai ya maziwa. Nikakukumbuka wewe na hadubini yako.

Unaikumbuka dhoruba ile kubwa? Kila Jumatatu nilichota maji katikati ya ziwa, chupa tatu: ya juu, ya kati na ya chini, nawe ukahesabu mwani, aina kwa aina. Safari ile chupa zote zilifanana. Kabla hujaandika kwamba dhoruba imelikoroga ziwa lote hadi chini, uliniuliza, "Mjomba, lakini ulifika katikati?"

Nikakukaripia: "Unanipima mimi, mtoto wewe? Hadubini nani alikufundisha kuishika?"

Sikufika, mwanangu. Mawimbi yalinitisha. Nilipiga magoti gatini, nikajaza chupa zote tatu mahali pamoja, nikazibandika lebo.

Watafiti wengine walifika katikati siku ileile. Juu, dhoruba ilikuwa imeufagia ule mwani wa kijani. Chini, mwani wa chini ulikuwa umetulia kama kawaida. Mkuu wa kituo akakuuliza mbele ya watu, "Hizi chupa ni mapacha watatu, au umejaza mwenyewe bombani?" Wakacheka. Ukanitazama. Nikajifanya nafuta miwani.

Mwezi haukuisha ukaondoka, na kazi ile hukuigusa tena.

Jana nilijikongoja hadi kituoni, nikaomba daftari la mwaka ule. Palipoandikwa "katikati ya ziwa" nimekata, nikaandika "gatini", nikatia sahihi. Mkuu wa sasa, umri wake kama wako ulipoondoka, alisoma, akaniletea kiti. Nakala ya ukurasa ule imo humu ndani.

Ulihesabu sawasawa, Jicho. Maji ndiyo yaliyokuwa ya uongo.

Sikuombi uje. Lakini ukiniandikia, hata mstari mmoja wa kunigombeza, nitausoma kwa furaha. Hapa sina hata wa kunibishia.

Msalimie sana mama yako, umwambie kaka yake amesema kweli mwishowe. Nibusie watoto. Mungu akutunzie macho hayo.

Mjomba wako, aliyekupenda akanyamaza.