Kichanja cha Suzi

Jumanne, 9 Agosti 1994

Nimeranda mbao nne za mninga kabla ya chai. Mzee Gaspari kaleta pikapu yake, dabo kabini. Alikuwa bwana mifugo, amestaafu, bado anazunguka Michenga na Mofu kutibu ng'ombe. Anataka kiti cha nyuma kitoke, mahali pake niweke kichanja. Juu alale mbwa wake, Suzi. Chini droo mbili za dawa na kamba. Kazi nzuri, sijawahi kuifanya.

Nilipoingia kupima upana, Suzi alikuwa amejilaza sakafuni nyuma ya dereva. Sikumwona. Kaniuma kiganja cha kushoto. Matundu mawili. Nimeosha kwa sabuni ya mche, muda mrefu sana. Mzee kasema nisiogope, mbwa amechanjwa.

Skola nimemwambia ni patasi. Kumdanganya mke wangu kwa jeraha dogo hivi. Naogopa, ndiyo maana.

Jumatano, 10 Agosti

Kiti kimetoka. Bolti mbili zilikuwa na kutu, nimezikata. Sakafu ya gari ina mgongo katikati, kila mguu wa fremu una urefu wake.

Namuwaza binamu yangu aliyeitwa Leo. Alikufa Mofu kwa kichaa cha mbwa nikiwa na miaka kumi na minne. Walimfunga kitandani kwa kamba za katani. Akiletewa kikombe cha maji koo linakaza, anarusha kichwa. Na akili yake ilikuwepo. Aliniita kwa jina mpaka siku ya mwisho.

Asubuhi nimekunywa glasi mbili mfululizo, kujipima. Najua ugonjwa hauji kwa siku moja. Nimekunywa tu.

Alhamisi, 11 Agosti

Mzee Gaspari amekuja mapema. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Kakaa kwenye benchi, kofia mkononi.

"Fundi, nilikudanganya. Siku ya kuchanja kule Michenga dawa ilibaki ya mbwa mmoja. Nikampa wa jirani, yule mwenye watoto wengi nyumbani. Suzi nikasema wiki ijayo." Kisha akaongeza kwamba mwezi uliopita, Mofu, Suzi alipigana na mbwa asiye na mwenyewe.

Nikaenda jikoni nikamwambia Skola yote. Hakupiga kelele. Aliweka ungo chini.

"Baba Tecla, ulitaka nijue lini? Ukishafungwa kamba?"

Tumekwenda hospitali kwa baiskeli. Chanjo imekwisha, wametuma gari Morogoro. Sista kasema mbwa afungwe na atazamwe siku kumi tangu aliponiuma. Akifika siku ya kumi mzima, basi siku ile mate yake hayakuwa na ugonjwa. "Asiuawe," kasema mara mbili. "Akiuawa tutabaki gizani."

Nimeomba afungwe hapa karakana. Kwa Mzee hakuna uzio, na nataka nimwone kwa macho yangu. Skola amewapeleka watoto kwa mama yake.

Ijumaa, 12 Agosti

Fremu imekamaa. Suzi anakula. Anakunywa. Kila akipiga miayo naacha msumeno.

Jumapili, 14 Agosti

Misa ya kwanza. Sikusikia mahubiri. Wakati wa kupeana amani nilificha mkono wa kushoto mfukoni kama mwizi.

Jumatatu, 15 Agosti

Siku mbaya kuliko zote.

Asubuhi nilifunga kichanja kwa bolti, kikakaa imara. Nikageuka kumwekea Suzi ugali. Hakugusa. Ute mrefu unamning'inia mdomoni, anajikwaruza taya kwa mguu.  Nilikaa chini kwenye maranda.

Jirani alichungulia uani akaona. Saa nne walikuwa wamejaa getini, wanaume kumi na kitu, marungu na mapanga. Mwenyekiti wa mtaa mbele yao.

"Fundi, tupishe. Tuna watoto."

Wana haki. Hata mimi nilitaka afe. Lakini akifa leo, hakuna atakayeniambia kilichomo mwilini mwangu.

Nilifungua mlango wa nyuma wa pikapu, nikaufungua mnyororo kwenye nguzo. Nilijua atanigeukia. Nilisali kwa Kipogoro, lugha ya mama yangu, sijui kwa nini. Suzi aliruka mwenyewe juu ya kichanja akajilaza. Nikafunga milango, vioo nikaacha wazi upana wa vidole viwili. Nikasimama mlangoni na nyundo.

"Aliyeumwa ni mimi. Nipeni mpaka Ijumaa. Kama mnamtaka kabla ya hapo, anzeni na mimi."

Sikuishusha nyundo. Mwenyekiti akajifuta uso kwa kiganja.

"Ijumaa," akasema. Akaacha vijana wawili walinde geti.

Saa nane Skola akaja mbio. Chanjo imefika. Nimedungwa ya kwanza.

Jumanne, 16 Agosti

Mzee Gaspari amekuja na glavu nene hadi viwikoni. Mimi nilivuta mnyororo wa shingoni kupitia mlango wa pili. Yeye akaingiza kipande cha mti katikati ya meno, akamulika kwa tochi, akachomoa. Mfupa wa kambare, umekwama juu kwenye kaakaa.

Nilicheka mpaka machozi. Mzee hakucheka.

"Mfupa upo, fundi. Ila hata mwenye kichaa anaweza kukwamwa na mfupa. Wengi wamezikwa kwa kusema ni mfupa tu."

Nimemchukia kwa kusema ukweli kuliko nilivyomchukia kwa uongo.

Jumatano, 17 Agosti

Suzi amekunywa bakuli zima. Amekula robo ya ugali.

Nimeingiza droo ya kwanza. Ilinibidi nipige magoti, kichwa chini ya kichanja, yeye juu. Nilimsikia akihema kupitia ubao. Nimetokwa jasho kama mgonjwa wa malaria. Droo inateleza vizuri.

Alhamisi, 18 Agosti

Kiganja kinawasha. Binamu yangu Leo naye kidonda kilimuwasha kabla ya maji kumshinda. Nimedungwa ya pili. Sista kasema jeraha linapona ndiyo maana linawasha. Sikumwamini. Kwa mara ya kwanza nimelia mbele ya Skola.

Ijumaa, 19 Agosti

Siku ya kumi.

Suzi amekula ugali na dagaa, akalamba sufuria. Mzee Gaspari akamwita, akamtembeza uani mara tatu, akamtazama macho na ulimi. Mwenyekiti alikuja mikono mitupu, akaangalia, akatupa pole na kuondoka. Mzee akafungua boksi la barafu akamchanja Suzi mbele yangu. 

Sindano nitamaliza zote. Inayofuata ni Jumatatu.

Mzee na Suzi wameondoka mchana kwenda kutibu ng'ombe Masagati. Nimefagia maranda, nikalala. Sijui nimelala muda gani. Nilipoamka kivuli cha nyumba kilikuwa kimefika kisimani, na Skola yuko nje kwenye mkeka anachambua mchele. Kaniona. Akasogea, nikakaa.