Job Hakupuuza Onyo la Upepo

S.L.P. 61,
Mbita.
7 Mei 2025

Mpendwa Shangazi Filister,

Pokea salamu nyingi kutoka huku ziwani. Mombasa mnaendeleaje? Na lile goti linalokusumbua ukipanda ngazi? Sisi tu wazima kwa neema ya Mungu. Mahindi ya Mama yameanza kubeba.

Ningekupigia simu, lakini najua ningesikia tu sauti yako nikakata.

Nahodha wako Job anaendelea vizuri. Mkono bado umefungwa plasta, na mkewe Valary ndiye anayemfunga vifungo vya shati. Nimesikia hutaki kuzungumza na Job kwa sababu alipuuza onyo la upepo, mashua yako ikazama. Hata vijana wa Karungu wanamtania: "Nahodha, simu yako ni ya kupiga picha tu?" Yeye hucheka, husema labda hakuisikia ikilia. Simu yenyewe iko chini ya ziwa.

Shangazi, haikulia. Kosa ni langu.

Unajua hapa ofisini natunza programu inayowatumia wavuvi habari za upepo. Wataalamu wakiirekebisha, mtambo huifunga wenyewe katika kifurushi, wanakiita kontena, hukibandika lebo na kukipeleka kazini. Jina la kuandikwa kwenye lebo hiyo nalichagua mimi. Kila kifurushi kinapaswa kupata namba yake, kama kwetu mtoto aliyezaliwa asubuhi anavyoitwa Onyango na wa mchana Achieng. Mkubwa wangu, Madam Marion, alinieleza hivyo mapema. Sikuelewa vizuri, nikaona haya kuuliza mara ya pili, mimi niliyesomeshwa kwa jasho lako. Nikaacha vyote viitwe "latest", yaani kipya kabisa. Kila kilichokuja kilichukua jina hilo, na cha zamani kikapotea.

Siku ile ya upepo kiliingia kifurushi kibovu, ujumbe wa onyo ukakwama. Madam akapaza sauti, "Bravin, rudisha cha jana, haraka!"

Nikamjibu, "Cha jana hakipo, madam."

Onyo lilipotoka, Job alikuwa tayari ameng'ang'ania mashua iliyopinduka. Wenzake walikuwa mazishini, hakuna aliyejua ujumbe ulichelewa. Madam aliniagiza niwaeleze wavuvi. Nilimwambia nimewaeleza, kumbe sikuwaeleza. Nilimpelekea Job uji hospitalini, akanishukuru, nami nikachukua kikombe nikaondoka.

Jumamosi wavuvi wana mkutano Karungu, na nimeomba nafasi ya kusema. Ijumaa nitamwambia Job mwenyewe, na Madam pia. Naogopa, Shangazi.

Una haki ya kunigombeza, hata ya kutonijibu. Lakini mpigie Job kwanza, kwa simu ya Valary. Kila inapolia huinua kichwa, kisha akijua si wewe hukiinamisha tena.

Nisalimie Terry na Helen. Mungu akulinde, akupe usingizi mwema hata baada ya kusoma haya.

Wako akupendaye, ingawa kwa aibu,
Bravin