Nilimvunja Jirani Mguu, Naye Ndiye Anaomba Msamaha

Mpendwa Mshauri,

Nisaidie kabla Jumamosi ifike, kwa sababu jambo hili limenishinda kubeba peke yangu na huku kwetu nikimwambia mtu mmoja litafika sokoni kabla yangu. Mimi ni mkata miti huku juu Olenguruone, nina pawa so yangu, huu msumeno wa injini ambao ukinguruma kila mtu anajua ni mimi, na nimefanya hii kazi miaka kumi na moja bila kusomea popote, na watu hunisifu kwamba mti nikiuangalia tu unajua pa kulala.

Sasa mwezi wa pili kanisa letu liliamua kuangusha mikaratusi miwili iliyo karibu na darasa la watoto wa nasari, na kama kawaida yetu mzee wa kanisa alitangaza kila boma litoe mtu wa kuvuta kamba ili mti usiegemee darasa, tukakutana, tukaomba, tukafunga juu ya mti wa kwanza kamba mbili za ng'ombe zilizounganishwa, watu kumi na wawili wakajipanga upande ule tulitaka mti uangukie, na mwisho kabisa akasimama jirani yangu Kemboi kwa sababu ndiye mwenye nguvu, kamba akajizungushia kiunoni mara mbili isiteleze.

Mshauri, niliona. Nilipima kwa macho nikaona kamba inaisha kabla ya mti kuisha, yaani hao watu wote wako mahali mti utalala, lakini tayari watu walikuwa wamesema Amina na niliona aibu kusimamisha kazi nitafute kamba ingine. Tena sikukata ule mdomo wa upande wa mbele, huwa naona ni kupoteza wakati, nikakata kutoka nyuma moja kwa moja, pawa so kwa mkono mmoja na ule mwingine nikiwapungia wavute, wakavuta, mti ukaja mbio kuliko nilivyotarajia, wengine wakatawanyika, Kemboi akashindwa kujifungua na tawi likamvunja mguu mahali pawili.

Mzee wa kanisa akaja akiniuliza, "Nini imefanyika?" na mdomo wangu ukasema wenyewe, "Kemboi amevuta kabla nimwambie." Kemboi alikuwa chini analia na maumivu, akasikia, na akaamini.

Alipotoka hospitali alikuja kwangu na magongo, mkewe Cheptanui amebeba kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandishwa, akasema, "Ndugu yangu, nisamehe, niliharibu kazi yako," na Cheptanui akamwambia, "Omba vizuri, ungeua watu wewe." Mimi nikasema yaliyopita yamepita, nikainywa ile mursik. Tangu siku hiyo vijana wanamwita Kemboi wa Mbio, na kikundi cha maziwa kimemtoa ukatibu eti mtu asiyengoja kuambiwa hawezi kushika kalamu.

Sasa mti wa pili unaangushwa Jumamosi, na Winrose, mke wangu, amesimama kanisani akasema atachukua nafasi ya Kemboi mwisho wa kamba kwa sababu yeye ana masikio. Watu wakapiga makofi. Kamba ni ile ile, ilikatika tukaifunga fundo, kwa hivyo imekuwa fupi zaidi. Nimfanyeje Winrose asishike hiyo kamba, bila mimi kusema ile ingine?

Mkata Miti, Olenguruone

*

Mkata Miti,

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama.

Pole kwa kukosa amani. Pole yako imeishia hapo.

Tangu mwezi wa pili karatasi ulikuwa nayo na kalamu ulikuwa nayo. Kemboi amelazwa, hukuandika. Ametoka na magongo, hukuandika. Amepewa jina la kejeli, ametolewa ukatibu, amekuja mpaka mlangoni kwako kukuomba msamaha kwa mguu uliouvunja wewe, na wewe ukapokea kibuyu ukanywa. Hukupaliwa hata kidogo? Lakini kamba ilipokaribia kiuno cha Winrose, ghafla ukakumbuka magazeti yana washauri. Mguu wa Kemboi ulikuwa na haki ya barua hii kabla ya kiuno cha mke wako.

Mimi pawa so sijawahi kushika, kwa hivyo kabla ya kukujibu nilienda kwa mzee Masinde hapa Lanet, ambaye amekata miti miaka thelathini na bado ana vidole vyote kumi, na kwa kazi yenu hicho ni cheti tosha. Nilimsomea barua yako. Alipofika kwa kamba akanisimamisha.

"Rudia hapo. Kamba ilikuwa fupi kuliko mti?"

"Ndivyo anasema."

"Na watu wako upande mti unaanguka?"

"Kumi na wawili."

"Basi huyo hakuwa anaangusha mti. Alikuwa anawaitia watu mti."

Nikamsomea habari ya mkono mmoja. Akasema, "Huyo anataka pawa so imnyoe. Ikigonga kitu kwa ile ncha yake, inaruka nyuma usoni mwako kabla hujafumba macho. Ni mikono miwili, siku zote, na breki ya mnyororo iwe inafanya kazi." Nikamuuliza kuhusu huo mdomo unaouona ni kupoteza wakati. Mzee alicheka vibaya. "Unakata mdomo kwanza, upande mti utaenda, kama robo ya unene wa shina. Halafu unakuja nyuma, juu kidogo ya mdomo, na unaacha ubao katikati haujakatwa. Huo ubao ni bawaba. Mti unainama juu yake kama mlango. Muulize huyo fundi wako, mlango bila bawaba unaenda wapi?"

Nakuuliza.

Miaka kumi na moja bila kumwumiza mtu haikuwa ufundi, ndugu yangu. Miti ilikuwa inakuvumilia. Na huyo mzee wenu wa kanisa naye asikie kwa sababu najua atasoma: maombi ni mema, lakini kamba haiongezeki urefu kwa kuombewa, na mtu akiona aibu kusimamisha kazi kwa sababu Amina imeshasemwa, basi mmeigeuza Amina kuwa amri ya kuanza kukata. Atakayesema "ngoja" apewe nafasi, hata kama nzige wanakuja.

Sasa fanya hivi. Nimebadilisha majina ya watu, lakini sikujua nibadilishe vipi kanisa, mikaratusi miwili na mguu. Mtu wa kwenu akisoma atajua ni nani kabla ya kufika hapa. Kwa hivyo huna muda wa kutafuta maneno matamu.

Jumamosi imefutwa. Mwambie mzee wa kanisa leo. Watoto wa nasari wahamishiwe kanisani mpaka huo mti uondoke, na aitwe fundi aliyesomea, mwenye kofia ngumu na suruali ya kazi, na kamba ndefu inayopitishwa kwenye roda, kile kigurudumu cha kamba, iliyofungwa kwenye mti mwingine, ili wavutaji wasimame kando. Wengine wote wakae mbali, mara mbili ya urefu wa mti, na kiunoni asifungwe mtu, hata ndama asifungwe. Wewe utakuwepo. Utabeba matawi na kuangalia anavyofanya. Ndiyo, watu watacheka, na wengine hawatakupa kazi tena. Mtu anayemwachia jirani lawama ya mkono wake asipewe kazi mpaka ajifunze.

Winrose mwambie ukweli wote leo hii, wala usimdanganye kuwa shida ni kamba chakavu. Akikuuliza kwa nini ulinyamaza, jibu. Kisha nendeni pamoja kwa kikundi cha maziwa, usimame mbele yao, wasikie kutoka kwako kwa nini katibu wao anastahili kurudishiwa kalamu. Na Jumapili rudi palepale kanisani, kwa sauti ileile uliyomsingizia nayo, useme tena.

Lakini kabla ya hayo yote, kabla hata ya kumwona mzee wa kanisa, nenda kwa Kemboi. Usibebe sukari. Usianze na shetani, wala na upepo, wala na aibu uliyoiona siku ile. Cheptanui anaweza kukufukuza na ana kila sababu, akikufukuza, simama nje ya lango lake, useme hata kama ni kwa kelele, mpaka Kemboi asikie: "Ulivuta nilipokuambia uvute."