Ua Aliloliota Anyosisye

Tusekile, acha kutwanga usome. Anyosisye, yule mama wa duka la vitambaa, kaumbuka leo!

Yule yule! Tangu mke wa Mjerumani wa misheni anunue shuka lake moja la viraka, hapumui bila kutaja kipaji. Eti mapambo humjia ndotoni. Ndotoni!

Basi leo Rut, bibi harusi wa juzi, kaingia dukani na mama mkwe wake. Anyosisye akamfunika shuka jipya mabegani. "Tazama hili ua, mwanangu. Nililiota." Ua lenyewe ni tundu, limezungushiwa uzi mwekundu.

Rut akalitazama. Akalitazama tena. Matema nzima inalijua tundu lile! Ni la mgolole wa mzee Asajile, nguo yake ya begani aliyoiunguza kwa kiko. Na mzee Asajile ndiye baba mkwe wa Rut!

Wewe unajua. Kwetu mkaza mwana hapiti hata njia aliyopita baba mkwe, sembuse kujifunika nguo yake! Rut akalitupa shuka, akatoka mbio analia.

Anyosisye je? Kabetua midomo. "Watoto wa siku hizi hawajui kazi ya mikono." Kazi ya mikono!

Mama mkwe akaliokota shuka. Akaweka kidole kwenye lile ua, akauliza taratibu:

"Mume wangu aliniambia mgolole huu ulichukuliwa na mawimbi ziwani. Kumbe aliuvulia wapi?"

Dada, mwenye ndoto zake akainama kutafuta sindano sakafuni. Na sindano alikuwa kaishika mkononi.