Kibuyu cha Samli Ulichomwachia Ghati

Ujerumani, Jumapili baada ya ibada

Kaka yangu Chacha,

Shikamoo. Habari za Mugumu, na karakana yako, na ule mgongo uliokuwa unakusumbua? Mimi mzima, baridi tu ndiyo inataka kunimaliza. Lakini leo hata baridi siisikii. Nimepewa ruhusa! Nakuja nyumbani Kemambo kwenye harusi ya mdogo wetu Ghati! Nilipoambiwa nilipiga vigelegele humo humo kazini, wazee ninaowatunza wakatoka vyumbani wakidhani nyumba inaungua.

Sasa kaa chini. Nimeandika kwenye karatasi kwa makusudi, maana nikikutumia sauti kwenye simu unasikiliza mwanzo tu, halafu unaanza kufoka. Karatasi huwezi kuikatiza.

Ujumbe wako niliusikia. Ulikuwa na furaha mpaka ukanichekesha: "Bhoke we! Wazungu wenyewe wanatibu kifafa kwa mafuta ya bangi, yanaitwa CBD, yanauzwa dukani huko huko uliko! Na sisi watu wa Tarime tumelala tu! Nimemchemshia Ghati majani kwenye samli ya mama, kibuyu kizima, anywe kijiko asubuhi na jioni. Vile vidonge nimeviondoa, vinamchosha bure. Wakwe wakija na ng'ombe wa mahari watamkuta amepona, na hakuna haja wajue alikuwa na nini."

Kaka, nakupenda, lakini hapo ulichukua chokaa ukaiita maziwa kwa sababu vyote vyeupe.

Ni kweli mafuta hayo yanauzwa hapa. Nilikwenda kwa mfamasia wa mtaani kwetu, nikamuuliza maswali mpaka watu wa nyuma yangu kwenye foleni wakaanza kukohoa. Akanieleza vizuri, hakunionyesha dharau. Ndani ya bangi kuna vitu vingi. Kimoja ndicho kinacholewesha. Hicho CBD ni kingine, hakileweshi, nacho wanakitenga kiwandani kwa vipimo. Wewe ukichemsha majani ya kwetu kwenye samli hutengi kitu, unakamua ulevi wote ukaingia kwenye mafuta! Na sheria unaijua, hata kukutwa na hicho kibuyu tu ni kesi.

Halafu sikia hili, ndilo lililonishtua. Dawa ya kifafa ya CBD ipo kweli, lakini ni kwa aina chache za kifafa, anaiandika daktari, na wagonjwa wanapimwa damu kuangalia ini. Tena mara nyingi wanapewa juu ya vidonge vyao vingine. Hakuna anayetupa vidonge eti kwa sababu amepata mafuta. Na yale ya chupa ndogo za dukani siyo hiyo dawa. Watu wanayasifia kwamba yanaponya kansa, kisukari, kila kitu, lakini mfamasia alisema mengi ya hayo hayajathibitishwa.

Najua utasema ni majani tu, ya asili, hayadhuru. Tumbaku nayo ni majani, kaka. Hapa kazini kuna bibi mmoja anatumia dawa ya kuzuia damu isigande. Mwanawe akamletea hayo mafuta kwa siri ili alale vizuri. Mafuta yakaifanya ile dawa izidi nguvu mwilini, nikamkuta na mabaka meusi mikononi kama mtu aliyepigwa. Daktari aliwahi. Bibi huyo alikuwa anamwonyesha kila mtu mkono wake kama medali, ila mimi sikucheka.

Sasa nikwambie walichokuficha, maana mama na Ghati wanaogopa hasira zako. Siku za kwanza Ghati alilala kutwa, akiamka anacheka hovyo, wewe ukaambiwa ametulia. Kisha akaanguka jikoni, akaamka, akaanguka tena, mkono ukaingia kwenye majivu ya moto. Mama alimpakia kwenye bodaboda akiwa katikati yake na dereva mpaka zahanati. Wauguzi waliwaambia kuacha vidonge ghafla ndiko kulikomwangusha. Tungeweza kumzika, Chacha.

Lakini yu mzima! Amerudi kwenye vidonge, mkono unapona, na samli mama ameimwaga chooni pamoja na kibuyu chake. Najua ulifanya kwa kumpenda, hakuna aliyesema vinginevyo. Nakuomba jambo moja tu: ukienda nyumbani usibebe kibuyu kingine. Nenda mikono mitupu, umwombe mdogo wako msamaha. Na akitaka kumwambia mchumba wake Mwita habari ya kifafa, usimzuie. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kwetu kilishapiga hodi.

Nisalimie wifi yangu, mwambie kitenge cha harusi anichagulie yeye. Msalimie mjomba mwenye mashine ya kusaga, na shangazi wa Nkende anayeuza vitumbua. Watoto wako wote wabusu, mkubwa mwambie soksi zake nimezinunua.

Kaka! Nilikuwa nafunga bahasha, Ghati akapiga simu. Amemwambia! Amemwambia Mwita yote, kifafa, samli, mkono. Anasema alipomaliza akamuuliza kama ng'ombe hawatakuja tena. Mwita akamjibu, "Ng'ombe ni mambo ya wazee, watakuja. Wewe nifundishe, ukianguka nikushike vipi?"

Nimecheka, nimelia, nimerukaruka peke yangu chumbani. Na kaka, miaka yote hii ndani ya boma letu, swali hilo sisi hatukuwahi kumuuliza.

Mdogo wako akupendaye,
Bhoke