Uso wa Ukutani kwa Mama Getrude

Mikumi, 4 Mei 1993

Dada Hilde,

Shikamoo. Mimi mzima, vumbi la barabara kuu tu ndilo linanikohoza. Goti la baba je?

Nimepata kazi! Tangu biashara zifunguliwe, kila mwenye vyumba viwili hapa Mikumi kafungua baa. Mama Getrude, aliyeniajiri nichore ukuta wa baa yake, anataka ya kwake izifunike zote. Mfaransa mmoja aliyekuja mbugani alimwachia tangazo la ukumbi wa dansi wa Paris, la miaka mia iliyopita: mwanamke karusha mguu juu, sketi zinapepea, nyuma yake wanaume wa kofia ndefu, weusi tii. Rangi nne tu, hakuna kivuli. Nimelichora ukuta mzima. Malori yanasimama kutazama!

Mdogo wako,
Beda

Kilosa, 30 Mei 1993

Mdogo wangu,

Marahaba. Tu wazima, ila goti ni lile lile.

Umeniua, Beda! Mjomba wa mchumba wangu Theodory ni dereva wa lori. Kasimama hapo, kaniona mimi ukutani, mguu hewani! Sasa ukweni wanasema nacheza baa, na harusi wameisimamisha. Ulikosa sura nyingine dunia nzima? Futa. Futa leo hii!

Dada yako

Mikumi, 12 Juni 1993

Dada,

Shikamoo, na unisamehe. Uso nimeufuta, Mama Getrude kanuna.

Lakini hukuwa wewe. Lile tangazo lilikuwa limechanika usoni, nikaweka uso ninaoukumbuka: mama, akicheka, na pengo lake. Tulimzika bila hata picha moja. Wewe umefanana naye mno.

Mdogo wako

Kilosa, 21 Juni 1993

Beda,

Hujambo? Barua yako nilimsomea baba, nikalia mpaka nikashindwa kuimaliza. Asubuhi hii yeye kavaa koti lake la reli, anakwenda kupanda basi la Mikumi. Nimemwambia uso umeshafutwa, hasikii. Barua hii anakuletea mwenyewe. Mtazame goti.

Dada yako

Mikumi, 25 Juni 1993

Dada,

Shikamoo. Baba alifika salama. Alikaa mbele ya ule uso mtupu, mpaka soda yake ikapata joto. Kisha akasema, "Mrudishe."

Nikachora, yeye akinielekeza. Pengo nililiweka kulia, akasema, "Kushoto. Wewe ulikuwa mdogo." Halafu akasema, "Na mguu ushushe." Mama Getrude analalamika mguu umeshuka, lakini soda anampa bure.

Nilimuuliza itakuwaje kuhusu ukweni kwako.

"Waite waje," akasema. "Nitakuwa nimekaa hapa hapa. Nitawaambia huyu ni mke wangu."

Mdogo wako,
Beda